Gari Tunduma, Jina Makambako

"Mwalimu, gari yako iko Tunduma tangu jana saa nne usiku."

Nilikuwa ofisi ya walimu, Makambako, nimejifunga kitenge juu ya sweta, nasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Mwezi wa tano upepo wa Makambako haubishi hodi. Unapenya chini ya mlango na kutawanya karatasi. Mkono mmoja kalamu nyekundu, mkono mwingine simu, na ndani ya simu sauti ya kijana wa marejesho wa kampuni ya karadha, ile inayokupa gari ulilipie kidogo kidogo huku likibaki mali yake, mpole kama walivyo wadai wote kabla hawajakasirika.

"Mkataba wako unasema mkoa wa Mbeya," akaendelea. "Nje ya hapo unaomba kibali. Ni wewe uliyeituma?"

Nikasema ndiyo.

Uongo ule ulinitoka kabla sijaupima. Gari sikulituma mimi. Gari hata sikuwa nalo. Nilikuwa nimemkabidhi mtu mwingine wiki sita nyuma, na usiku ule lilipokuwa likiingia Tunduma, mpakani na Zambia, nilikuwa nimelala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Aliyeshika usukani alikuwa mwingine. Aliyeulizwa nilikuwa mimi.

Ya Tunduma yamekwisha, nitayasimulia. Lakini kinachoninyima raha majuma haya si Tunduma. Ni swali moja niliulizwa Igawilo, mwezi mmoja na nusu kabla ya simu ile, na mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi.

## Mwalimu wa hisabati na hesabu ya siku

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Naliandika hilo mapema ili mnicheke vizuri huko mbele.

Kirikuu hakuna asiyeijua: ile Suzuki Carry ya injini ya sisi 660, Wajapani waliitengeneza ibebe kilo 350, sisi tunaijaza mikungu mpaka nyuma inainama kama mzee mwenye mgongo. Niliichukua kwa mkataba wa miezi 36 ipige kazi kati ya Kiwira na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Bei milioni 12. Milioni 3 za mwanzo nilizitoa kwa mkopo wa SACCOS, milioni 9 zilizobaki zikawa za kampuni. Riba asilimia 18 kwa mwaka. Nikalinganisha na mikopo ya kausha damu ambayo walimu wenzangu wameachia kadi zao za benki, nikajiona mjanja.

Riba ile ilipigwa juu ya milioni 9 zote, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kana kwamba sijarejesha hata senti. Milioni 9 mara asilimia 18 mara miaka 3: shilingi 4,860,000. Jumlisha na mtaji, gawa kwa 36, unapata 385,000 kila tarehe 5. Ukiikokotoa juu ya deni linalopungua mwezi hadi mwezi, riba ile inavuka asilimia 30.

Nilikokotoa. Baada ya kusaini.

Dereva alikuwa analeta hesabu ya 25,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Yeye mafuta yake, yeye mzigo wake, mimi hesabu yangu. Miezi ya mwanzo nilikuwa napokea hela kila jioni na kujisikia tajiri, kwa sababu hela inayokuja kidogo kidogo ina tabia ya kuonekana nyingi. Novemba, mvua zimeanza, nikakaa na kaunta buku yangu nikajumlisha miezi tisa.

Siku za kazi zilipaswa kuwa 234. Gari lilitembea siku 193. Siku 41 lilikuwa gereji, au dereva anaumwa, au kwao kuna msiba. Siku 193 ni shilingi 4,825,000. Marejesho ya miezi tisa, 3,465,000. Bima kubwa, ambayo kampuni haikubali uikwepe, 495,600. Matairi manne, 240,000. Klachi, 180,000. Oili na filta, 35,000 kila mwezi. Faini mbili za trafiki, 30,000 kila moja. Viraka, 8,000.

Kilichobaki: 61,400.

Miezi tisa. Na hapo sijagusa milioni 3 za SACCOS, ambazo zilikuwa zinakatwa kwenye mshahara wangu kimyakimya.

Ile 61,400 nikaizungushia duara jekundu, kama ninavyofanya kwa mwanafunzi aliyekosea njia mwanzo kabisa lakini akaenda nayo mpaka mwisho. Nikafunga daftari. Sikumwonyesha mtu.

## Uhamisho mara mbili

Januari mama alipata kiharusi. Niliomba uhamisho kwenda Makambako, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu barua ilitoka haraka. Marejesho 14 nilikuwa nimelipa, au nakaribia kulipa. Yamebaki 22.

Nilipiga simu kampuni kuuliza nikitaka kuachana na gari nafanyaje. Nikaambiwa naweza kulirudisha. Watalipiga mnada, na mnada usipofikia deni, pengo ni langu. Milioni zangu za mwanzo? "Hizo zilishaingia kwenye mkataba, mwalimu." Au naweza kulipa lote mara moja: wakapiga hesabu yao, wakaweka na adhabu ya kumaliza mapema, ikaja 7,100,000. Kirikuu yangu wakati ule ungeweza kuiuza milioni 9 na nusu kwa mtu asiye na haraka, kwa hiyo kwenye karatasi faida ilikuwepo. Nikaenda Mafiati kwa madalali wa magari.

"Kadi ya gari iko wapi, mwalimu?"

"Iko kampuni."

"Sawa. Siku ukiwa nayo, nipigie."

Hapo ndipo karadha inapokushika. Sheria yetu ya karadha ni ya mwaka 2008, na shina lake ni hili: gari ni la mwenye hela mpaka shilingi ya mwisho, wewe una haki ya kulitumia na wajibu wa kulilipia. Huwezi kuuza kisicho chako. Unachoweza kumwachia mtu ni nafasi yako kwenye mkataba, haki na deni kwa pamoja.

Shemeji yangu yuko Texas, nikamwelezea. Akacheka, akasema kwao hilo ni jambo la kila siku. Huko wengi hukodi gari kwa miezi 36 hivi, kwa kikomo cha maili, na mwisho wanalirudisha. Aliyechoka katikati anatafuta mtu mtandaoni wa kumpokea mkataba. Yeye alipotoka kwenye lake alimlipa aliyeingia dola mia kadhaa ili akubali.

"Ulimlipa wewe?"

"Nilikuwa nimechoka mimi, si yeye."

Nikaona ni mambo ya Wamarekani. Mimi nilikuwa nimeweka milioni 3, nilitaka kilemba changu, hela ya kuachia nafasi.

## Igawilo

Kijana aliyelichukua gari alikuwa dereva wa kirikuu ya mtu mwingine, njia ileile ya Kiwira, na jirani yangu mmoja ndiye aliyetukutanisha. Nilikwenda kwao Igawilo Jumamosi jioni. Mke wake ana meza ya ndizi Mwanjelwa. Alinisalimia "ugonile", nikaitika kwa Kinyakyusa changu cha kuombea maji, akacheka, akarudi kwenye beseni lake la ndizi mbichi.

Nikafungua kwa milioni 3. Kijana akasema laki tano. Tukaenda, tukarudi, chai ikaletwa, tukaongelea mvua, tukarudi tena kwenye bei. Saa moja usiku tulikuwa tumefika laki nane. Nilijua nimeshindwa, lakini mtu anayetakiwa kuripoti kituo kipya wiki inayofuata hana mgongo wa kushindania.

Muda wote ule mke hakusema kitu. Alikuwa anamenya kwa kisu kidogo, anachana ganda kwa urefu, analing'oa kwa kidole gumba, utomvu umemwia mweusi kwenye kucha. Tulipokuwa tunapeana mikono akauliza bila kuinua uso:

"Mwalimu, samahani. Kama inalipa, mbona unaiacha?"

"Nimehamishwa, dada. Nakwenda kumuuguza mama."

"Oo, pole sana." Akaacha kisu, akajifuta mikono, akanipa pole ya mkono kabisa. Niliona ameona haya kwa kuuliza.

Kaunta buku ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikwenda nayo niwaonyeshe tarehe za kubadili oili.

## Karatasi ya mtaa

Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Mashahidi wawili, muhuri, kila mtu na nakala yake. Kampuni hatukuiambia. Kijana aliogopa wangemkataa, kwa kuwa hana mshahara. Mimi niliogopa ada na mzunguko, na muda sikuwa nao. Makubaliano: atanitumia 385,000 kila tarehe 3, mimi nitalipa tarehe 5, mpaka mkataba uishe, kisha kadi nimkabidhi.

Niseme haki yake: alituma. Aprili alituma, Mei alituma, saa mbili asubuhi, kabla sijaingia darasani.

Ndiyo maana simu ya Tunduma ilinichanganya. Hakukuwa na deni. Hakuna aliyeiba. Nilipompigia alinijibu kwa furaha kabisa: "Mwalimu, Tunduma ndizi zinatoka! Mnunuzi wa Zambia haulizi bei mara mbili." Alikuwa anafanya biashara ambayo mimi kwa miezi 14 sikuifikiria.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa naufikiria mteremko wa Iwambi, malori ya Tunduma yanayokatika breki, na kirikuu ya bati jembamba katikati yake. Bima iko kwa jina langu. Leseni ya usafirishaji ya LATRA iko kwa jina langu. Faini inatafutwa kwa namba ya gari, na namba ya gari inaleta jina langu. Akimgonga mtu, nani ataitwa kituoni? Ile karatasi ya mwenyekiti ilikuwa halali vizuri tu kati yangu na kijana. Kwa kampuni ilikuwa barua ya watu wawili wanaozungumzia mali ya mtu wa tatu bila yeye kuwepo. Kwenye mikataba, ili mmoja atoke na mwingine akae kiti chake, wote watatu lazima wakubali. Aliyebaki nje ya makubaliano bado anakudai kama jana.

Nilichomwachia yule kijana ni funguo. Deni nililala nalo Makambako.

## Juni, dirisha la pili

Likizo ya Juni nilipanda basi kurudi Mbeya, nikampitia kijana, tukaenda kampuni wote wawili. Nilikiri. Nilitegemea kufokewa, lakini dada wa dirisha la pili alinitazama tu kama mtu anayesikia habari ya tatu ya aina hiyo tangu asubuhi, akatoa fomu.

Mzunguko sitausimulia wote. Namba ya NIDA, TIN, barua ya serikali ya mtaa, picha, wadhamini wawili, gari kukaguliwa na fundi wao, taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita ya kijana. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwokoa: hana mshahara, lakini miamala ilionyesha hela inaingia kila siku ya soko. Ada ya kuhamisha mkataba tuligawana nusu kwa nusu. Bima ikaandikwa upya.

Siku ya kusaini nilikuwa na kalamu mkononi, nimeshaandika jina, nikasoma mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne. Ulisema mpangaji wa awali, yaani mimi, ataendelea kuwajibika kwa deni lote endapo mpangaji mpya atashindwa.

Nikaweka kalamu chini.

"Dada, sasa mimi nimetoka au sijatoka?"

"Umetoka, mwalimu. Hiyo ni ya kawaida tu."

"Kama ni ya kawaida tu, ifuteni."

Kijana akaanza kuangalia sakafu, na hapo nikagundua kwamba kila ninavyong'ang'ania ndivyo ninavyomwambia mbele ya watu kwamba simwamini. Nikasita. Ningekuwa na aibu kidogo zaidi ningesaini. Nikaomba kumwona meneja. Tulisubiri saa mbili kwenye benchi moja, mimi na kijana, hatuna cha kuongea. Akaenda kuninunulia maji. Nikayanywa.

Meneja akasema hawezi kufuta, anaweza kupunguza: nibaki mdhamini mpaka kijana alipe marejesho sita mfululizo, Julai mpaka Desemba, kisha waniandikie barua ya kuniondoa. Nikataka hilo liandikwe kwenye fomu na kugongwa muhuri pembeni, si kuambiwa kwa mdomo. Likaandikwa. Shemeji aliniambia baadaye kwamba hata Marekani zipo kampuni zinazomwacha mtu wa kwanza kwenye deni mpaka siku ya mwisho, na wengi wanajua siku wanapopigiwa simu.

Yalikuwa yamebaki marejesho 19. Tukatoka nje, kijana akaniambia, "Mwalimu, umefanya vizuri. Na mimi siku nikiuza nitakumbuka huo mstari."

## Swali lenyewe

Ungedhani hapo nimepumzika. Simu za kampuni zimekoma. Lakini Julai nzima, nikiwa namgeuza mama kitandani au nafuta ubao, swali la mke wa kijana linarudi. Kama inalipa, mbona unaiacha?

Nimejitetea kwa kila namna. Kwamba hawakuuliza takwimu. Kwamba kijana ni dereva, anajua gharama kuliko mimi. Kwamba kwangu hailipi kwa sababu nilikuwa naisubiri nyumbani kama mwenye nyumba anayesubiri kodi, na kwao ni tofauti: gari linaendeshwa na mwenyewe, mzigo ni wa mke, hakuna hesabu ya 25,000 inayokatwa katikati. Yote hayo ni kweli, ila niliyagundua baada ya Tunduma. Jioni ile ya Igawilo sikuyajua. Jioni ile nilijua kitu kimoja tu kuhusu biashara ya kirikuu, kilikuwa ndani ya mkoba, kina duara jekundu. Nikajibu habari za mama.

Nimewahi kumfukuza mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani kwa kuficha karatasi. Sikumuuliza kama ile karatasi ingemsaidia au isingemsaidia.

Mama, ambaye sasa anaongea maneno machache na kwa shida, nilimsimulia jioni moja nikimlisha uji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mpelekee." Sikumwelewa. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kabatini, zilipo kaunta buku zangu.

## Mwanjelwa

Likizo fupi ya Septemba nilienda. Nilimkuta mke wa kijana kwenye meza yake, mikungu imesimamishwa ukutani, anambishia mteja bei. Kijana alikuwa njiani kutoka Kiwira. Marejesho matatu alikuwa ameshalipa, risiti wananitumia kwa simu.

Nikampa daftari. Nikamwambia, dada, siku ile uliniuliza swali, jibu lote liko humu.

Alifuta mikono kwenye khanga, akafungua polepole. Anasoma kama mtu anayehesabu hela, kidole kinashuka na namba. Alipofika kwenye klachi akasimama.

"Laki na themanini? Mwalimu, hapa walikupiga."

Akaendelea. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Kisha kidole kikakaa juu ya duara jekundu.

"Hii elfu sitini na moja ndiyo nini?"

"Ndiyo faida. Ya miezi tisa."

Akanyamaza. Mteja akamuuliza kitu, hakuitika. Pembeni yetu mpiga debe wa Uyole anapiga kelele, Uyole wawili, Uyole wawili. Akafungua droo ya meza, akatoa daftari lake, dogo, la mistari ya shule ya msingi, akaliweka juu ya langu. Sikulisoma, na hakunifungulia.

"Sisi tunakwenda," akasema. "Siyo vibaya. Tunduma inatubeba." Kisha akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini mwalimu, ungenionyesha hii mwezi wa nne, ningekupa laki tano. Siyo nane."

Sikujua kama anatania. Alishamgeukia mteja, ameshika mkungu kwa mkono mmoja, anampa bei.

Jumatatu, mshahara ulipoingia, nilimtumia laki moja kwenye namba yake, si ya mumewe. Alijibu neno moja: imefika.

Zimebaki mbili.